Msizike Chaja Iliyo Hai

Tarehe 2 Oktoba 2024, Enel X Way, kampuni tanzu ya shirika kubwa la umeme la Italia liitwalo Enel, iliwaarifu wateja wake wa Marekani na Kanada kwamba tarehe 11 ya mwezi huohuo ingefunga biashara yake huko. Walipewa siku tisa. Masanduku yake ya kuchajia magari ya umeme, yaitwayo JuiceBox, yalikuwa yametundikwa kwenye kuta za gereji kutoka pwani moja ya bara lile hadi nyingine. Kampuni ilisema yale ya nyumbani yataendelea kupitisha umeme, ila apu na huduma zote zilizotegemea seva zake zingekoma.

Tangu hapo ushauri umekuwa mmoja, na umerudiwa na mafundi, wauzaji na waandishi wa habari za magari mpaka ukawa kama kanuni: kampuni ikifa, chaja yake imekufa nayo, ing'oe, itupe, nunua ya kampuni iliyo hai. Waliofungua kasha, wakatoa bodi ya zamani na kuweka bodi ya mradi huria wa OpenEVSE, wanatazamwa kama watu wanaochezea roho za watoto wao. Naupinga ushauri huo kwa moyo wote. Msingi wa kiufundi hauna, na adhabu ya kosa la muuzaji unamtwisha mnunuzi.

Umeme wa kuchajia betri haugeuzwi na sanduku la ukutani. Kinachogeuza umeme wa nyumbani uwe umeme wa betri ni mtambo uliomo ndani ya gari. Sanduku ni bawabu: linahakikisha plagi imeingia sawasawa, linaliambia gari linaruhusiwa ampea ngapi, linafungua njia, na likihisi hitilafu linaifunga. Mazungumzo yao yameandikwa peupe katika kiwango cha Marekani kiitwacho SAE J1772, na katika kile cha kimataifa, IEC 61851. Kwenye waya mmoja mwembamba sanduku hutuma mawimbi ya mraba, volti 12 juu ya sifuri na 12 chini yake, mara 1,000 kwa sekunde. Ujumbe umo katika muda ambao wimbi hukaa juu. Likikaa juu nusu ya muda, gari linajua kikomo chake ni ampea 30. Likikaa juu asilimia 10 tu, kikomo ni ampea 6. Gari nalo hujibu kwa kuzishusha volti za juu kwa kutumia vikinza vilivyomo ndani yake. Zikishuka hadi 9, maana yake limeunganishwa. Zikishuka hadi 6, liko tayari, lete umeme. Hapo ndipo rilei nzito, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, hukamata na umeme ukapita. Chomoa plagi, volti zitarudi 12 na rilei itaachia papo hapo.

Basi. Siri ya kampuni yoyote haimo humo. Gari haliulizi bodi imetengenezwa na nani, linasikiliza wimbi. Bodi inayotoa wimbi sahihi, inayopima uvujaji wa umeme, inayohakikisha waya wa ardhini upo na inayojua rilei yake haijagandana, imetimiza wajibu wote wa chaja ya nyumbani. Vingine vyote, yaani apu, akaunti, nenosiri, grafu za matumizi na ratiba inayokaa kwenye seva ya mbali, ni nyongeza zilizobandikwa juu. Kilichotangazwa kufa Oktoba 2024 ni nyongeza hizo. Kasha lilibaki zima, na kebo yake nene ya shaba yenye urefu wa futi 25 ikabaki nzima, na plagi pia. Ndani ya sanduku lile sehemu ghali na ngumu kuzitengeneza ndizo zilizosalimika, na tunaambiwa tuzipeleke jaani kwa sababu ya programu.

Kuna jambo watetezi wa jaa hawalisemi. JuiceBox yenyewe ilizaliwa huria. Mwaka 2013 kampuni changa ya California, eMotorWerks, iliomba michango ya watu kupitia tovuti ya Kickstarter ili itengeneze chaja yenye nguvu, ya bei nafuu, na yenye michoro iliyo wazi. Mtu aliweza hata kununua vipande akaviunganisha mwenyewe. Enel iliinunua eMotorWerks mwaka 2017. Kadiri toleo lilivyofuata toleo, michoro ilifungwa na akili ya chaja ikazidi kuhamishiwa kwenye seva. Kwa hiyo anayetia bodi huria ndani ya kasha la JuiceBox leo halinajisi. Analirudisha lilikotoka, na aliyelitoa huko ndiye anayestahili kuulizwa maswali.

OpenEVSE nayo si kitu kilichookotwa jana. Christopher Howell aliuanza mradi huo mwaka 2011, akitumia chipu ileile inayojulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kushika bodi ya Arduino. Msimbo wake uko chini ya leseni ya GPL. Yeyote anaweza kuusoma mstari kwa mstari, na kwa miaka yote hii wahandisi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiusoma na kuukosoa. Kikundi cha OpenEnergyMonitor cha Wales kilichangia sehemu inayoiwezesha chaja kufuata jua, ili gari livute kile tu ambacho paneli za paa zinazalisha zaidi ya mahitaji ya nyumba. Enel X Way ilipofunga, mradi ukaandaa bodi zinazoingia ndani ya kasha la JuiceBox: kasha, kebo na plagi vinabaki, ubongo unabadilishwa. Wanaochelea kugusa nyaya nao wana njia yao, programu iitwayo JuicePassProxy, inayokaa kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani na kuyapokea mazungumzo ambayo sanduku lilizoea kuyapeleka kwenye seva ya kampuni.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, maana siidharau. Umeme wa volti 240 unaua. Na chaja ya gari si birika linalochemsha dakika tatu kisha likazima. Inavuta ampea 40 kwa saa nyingi mfululizo, usiku, watu wakiwa wamelala. Kwa sababu hiyohiyo kanuni za umeme za Marekani zinataka breka ya mzigo wa aina hii izidi mkondo wake kwa robo, hata chaja ya ampea 40 ikafungwa kwenye breka ya ampea 50. Skrubu moja iliyolegea inatosha kuyeyusha plastiki na kuwasha ukuta.

Lakini tazameni moto huo unaanzia wapi. Unaanzia kwenye kiungo: soketi za bei rahisi za aina ya NEMA 14-50, ambazo watu wengi wamezizoea kwa majiko yao, zimeyeyuka mara nyingi zilipobebeshwa gari kila usiku. Unaanzia kwenye waya mwembamba kuliko mzigo, au kwenye skrubu ambayo fundi hakuikaza kwa nguvu iliyoandikwa. Haya yote yako nje ya bodi, na yanamkabili aliyenunua chaja mpya dukani sawasawa na aliyefufua ya zamani. Tena aliyenunua mpya mara nyingi huichomeka kwenye soketi ileile iliyochoka, akiwa na utulivu wa moyo asioustahili, kwa kuwa sanduku linang'aa na lina nembo.

Bodi yenyewe inafanya nini? Kila mara kabla ya kuruhusu umeme, OpenEVSE huijaribu saketi yake ya kugundua uvujaji kwa kujitengenezea uvujaji mdogo wa makusudi. Saketi isipouona, umeme haupiti. Huangalia kama waya wa ardhini umeunganishwa kweli. Huangalia kama rilei imeachia ilipoamriwa iachie. Joto likipanda ndani ya kasha, hupunguza mkondo, na likizidi hukata. Ninyi mnaosema ni kitu cha wacheza vifaa, nionyesheni ni ulinzi gani wa lazima ambao haumo. Nami nitakuonyesheni chaja nyingi za dukani ambazo majaribio yake ya ndani huwezi kuyasoma popote, ila unaombwa uamini.

Wapo pia wanaosema sanduku liachwe lilivyo, lisifunguliwe. Ushauri huo nao hauigusi kabisa hatari nyingine, kubwa. Kikomo cha mkondo cha JuiceBox, ile namba inayopaswa kulingana na breka yako, kwa wengi kilikuwa kikiwekwa kupitia apu. Ukihamia nyumba yenye breka ndogo, au ukimuuzia jirani sanduku lako, namba hiyo lazima ishushwe. Apu ikifa, utaishushaje? Hapo kuna sanduku lenye cheti safi, ambalo halijafunguliwa na mtu, na bado linaweza kuvuta kuliko waya unavyostahimili, likibaki na breka peke yake kama kinga. Kwenye OpenEVSE namba hiyo hubadilishwa palepale kwenye kifaa, ndani ya nyumba yako, intaneti iwepo isiwepo.

Wala tusisahau wadukuzi. Januari 2024, miezi kadhaa kabla ya kampuni kufunga, kulifanyika Tokyo mashindano yaitwayo Pwn2Own Automotive, ambamo watafiti hulipwa kwa kuvunja ulinzi wa magari na vifaa vyake mbele ya waamuzi. JuiceBox 40 ilikuwa miongoni mwa chaja zilizovunjwa. Kifaa kilichounganishwa na intaneti, kinachotawala ampea 40 ukutani kwako, chenye udhaifu uliothibitishwa, na kampuni yake haipo tena: hicho ndicho mnachokiita salama kwa sababu bisibisi haijakigusa? Msimbo huria nao una kasoro, kila msimbo unazo. Tofauti ni kwamba kasoro ya OpenEVSE ikigundulika, yupo anayeruhusiwa kuirekebisha, na mwenye chaja anaweza kuchukua marekebisho hayo bila kuomba kibali kwa mfilisi.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito, na naikubali bila kuizungusha. Cheti cha usalama cha JuiceBox, kilichotolewa na maabara, kilihusu kifaa kizima kama kilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha bodi, cheti hicho hakikifuati kifaa kipya ulichokiunda. Kanuni za umeme za Marekani zinataka vifaa vya kuchajia viwe na cheti, na mkaguzi ana haki ya kukataa. Kampuni ya bima nayo inaweza kuuliza. Kwa mtu anayeishi ghorofani, ambaye gereji yake iko chini ya vyumba vya familia nyingine, namwambia wazi: usifanye, mpaka mwenye jengo na mkaguzi wakubali kwa maandishi. Huna haki ya kubeba hatari kwa niaba ya watu ambao hukuwauliza.

Ila kutoka hapo hadi kusema kazi yenyewe ni haramu ni mruko mrefu. Cheti ni ushahidi wa usalama, na ushahidi unaweza kupatikana kwa njia nyingine. Marekani ina utaratibu ambapo maabara inayotambuliwa humtuma mkaguzi akapime kifaa kilichobadilishwa palepale kilipofungwa, na kukiwekea lebo kikifaulu. Utaratibu huo umezoeleka kwa mitambo ya viwandani na ni ghali kwa sanduku moja la nyumbani. Basi madai yangu ni upimwe mkusanyiko mmoja wa bodi na kasha, mara moja, kwa niaba ya wote wenye kasha la aina hiyo. Masanduku ya toleo moja yanafanana. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia upimaji, na sioni kwa nini asiwe yule aliyeyauza na kuondoka.

Wengine huleta sheria ya hakimiliki: kwamba kuvunja kufuli za programu ni kosa. Hapa hawajaelewa kinachofanyika. Anayeng'oa bodi na kuweka nyingine hajavunja kufuli yoyote, kwa sababu msimbo wa kampuni ameutoa wote pamoja na chipu zake. Na hata kwa anayetaka kubaki na bodi ya zamani na kuufungua msimbo wake, mwaka 2021 mamlaka ya hakimiliki ya Marekani iliruhusu kuvunjwa kwa kufuli za vifaa vya matumizi ya kawaida pale lengo linapokuwa kukitengeneza kifaa, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikafanywa upya.

Pengo lililopo ni la upande mwingine. New York, Minnesota, California na Oregon zimepitisha sheria za haki ya kutengeneza vifaa. Ile ya California, iliyoanza kufanya kazi Julai 2024, inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya elektroniki vya bei ya dola 100 na zaidi atoe vipuri na maelekezo kwa miaka saba baada ya kifaa cha mwisho kutengenezwa. Ni sheria nzuri. Lakini zote zinamkaba mtengenezaji aliye hai. Ukimshitaki aliyefunga ofisi akarudi kwao, utamlazimisha nini? Uingereza imegusa pembe ya tatizo: kanuni zake za chaja mahiri, zilizoanza kutumika 2022, zinataka chaja iendelee kuchaji hata ikipoteza mtandao, tena isijifunge kwa muuzaji mmoja wa umeme. Ilibaki hatua moja tu, kumtaka mtengenezaji aweke msimbo na funguo zake kwa mtu wa tatu siku ileile anapoanza kuuza, ili akiondoka vifunguliwe kwa wote. Hatua hiyo ingemaliza ubishi huu kabla haujaanza.

"Nunua mpya" ni ushauri rahisi kwa anayeutoa. Chaja mpya ya kiwango hicho ni mamia ya dola, na juu yake kuna malipo ya fundi wa kuifunga. Na ukishalipa, umenunua nini? Mara nyingi sanduku jingine linalodai akaunti kabla halijakubali kuwekwa ratiba, la kampuni nyingine ambayo mizania yake huijui. Sababu ambazo Enel X Way ilizitaja, riba kubwa na mabadiliko ya soko la magari ya umeme, hazikuwa maradhi yake peke yake. Wauzaji wanajibu kwamba zao zinafuata OCPP, lugha ya wazi ya chaja na seva iliyoanzia Uholanzi mwaka 2009. Vizuri, lakini muulize kwanza: je, mimi mwenyewe ninaweza kubadilisha anwani ya seva, au mmeifunga? Lugha ya wazi nyuma ya mlango uliofungwa haimfai mtu siku kampuni inapoanguka.

Na wale wanaosema si kila mtu anaweza kufungua chaja, ni kweli, wala haitakiwi kila mtu aweze. Si kila mtu anashusha injini ya gari lake pia, na bado hatuyatupi magari mtengenezaji akifilisika. Tunakwenda kwa fundi. Kinachotakiwa ni fundi umeme mwenye leseni akubali kuishika kazi hii: azime breka, ahakikishe kwa kipimo kwamba nyaya hazina umeme, abadilishe bodi, akaze kila skrubu kwa nguvu iliyoelekezwa, aweke kikomo sahihi, ajaribu uvujaji, kisha aandike jina lake. Mafundi wengi wanakataa kwa sababu wameambiwa wakatae. Ushauri wa kutupa ndio unaofanya soko la matengenezo lisizaliwe, halafu kukosekana kwa soko hilo kunatumiwa kama ushahidi kwamba matengenezo hayawezekani.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asidhani haya ni mambo ya Wamarekani na gereji zao. Nissan Leaf zilizotumika zinazoshuka bandarini kwetu kutoka Japani zina plagi ileile ya J1772 iliyo kwenye JuiceBox. Na kufa kwa kampuni iliyo mbali tumekuonja: NopeaRide, iliyoendesha teksi za Leaf Nairobi tangu 2018, ilisimama mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama yake ya Finland, EkoRent, kufilisika. Magari yalikuwa mazima na madereva walikuwepo. Masanduku yanayotupwa huko nayo yatafika huku, kama vilivyofika vitu vyao vingine, na yakifika yatamkuta fundi ambaye hana apu, hana seva, na hana kampuni ya kupigia simu.

Fundi huyo ana mambo yake ya kuangalia. Umeme wa nyumba ya Marekani unakuja kwa nyaya mbili zenye volti 120 kila mmoja. Wetu unakuja kwa waya mmoja wenye moto wa volti 230 hadi 240 na mwingine wa nyutro, na kinga dhidi ya uvujaji lazima ianzie kwenye paneli ya nyumba, kwa kifaa cha kukata umeme kwenye miliampea 30, cha aina inayogundua pia uvujaji wa umeme usiopishana. Leaf nyingi za Japani huvuta kilowati 3 hadi 6 tu, basi kikomo kishushwe kulingana na waya uliopo. La kwanza kabisa ni ardhi: nyumba nyingi kwetu zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu haliendi popote. Chimbia fimbo, pima, chimbia nyingine ikibidi. Bodi ile inayoitwa ya hatari itakataa kupitisha umeme mpaka iione ardhi hiyo.